Shangazi, wakunga wameukataa mkeka wangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 24, mwenyeji wa Lindi. Niko Dar es Salaam, namalizia stashahada ya uhandisi wa vifaa tiba. Nimekuandikia wewe kwa sababu nasikia ulikuwa mkunga kabla ya kuanza safu hii, na jambo langu linawahusu wakunga.

Miaka sita iliyopita dada yangu mkubwa alijifungua mtoto wa kike, saa nane usiku. Umeme ulikuwa umekatika, mimi ndiye niliyeshika tochi ya simu. Mtoto alilia vizuri, mama akapiga kigelegele cha chinichini asije akaamsha wengine. Damu ilikuwa inatoka lakini kila mtu alisema ni ya kawaida. Mama alitoa khanga ya kwanza chini ya dada, akaweka ya pili, kisha ya tatu. Ile ya tatu ilipotolewa ilikuwa nzito kama nguo inayotoka kwenye beseni la kufulia, na hapo ndipo watu walipoanza kukimbia. Gari la rufaa lilipopatikana dada alikuwa analalamika baridi. Hakufika. Mwanawe yupo, ananiita mama mdogo, na kwa ajili ya dada nilichagua fani hii.

Mradi wangu wa mwisho ni mkeka mwembamba wa mpira wenye vipima uzito vinne kwenye pembe. Unawekwa chini ya mama akishajifungua. Damu ikiongezeka uzito unaongezeka, ukifika kiwango cha hatari kengele inalia na ujumbe unaingia kwenye simu ya muuguzi. Msimamizi wangu aliusifu sana, nikapata alama za juu. Basi nikaupeleka hospitali moja kuwaonyesha wakunga, nikiamini watafurahi.

Mkunga mmoja mtu mzima aliuinua, akaugeuzageuza, akaniuliza: "Mwanangu, nikishauosha kwa jiki mara kumi kwa zamu moja, utakuwa mzima?" Wa pili akauliza, na mama akikojoa je? Wa tatu akasema simu zao wanaziacha kabatini. Kisha wakaitwa, wakaondoka, nikabaki koridoni na mkeka wangu mkononi. Nililia kwenye daladala mpaka Mbagala.

Sasa baba mkubwa, aliyenilipia ada tangu baba alipofariki, amenitafutia kazi kwenye kampuni inayohudumia minara ya simu. Anasema hospitali haziajiri mafundi, nitakaa bure na cheti changu. Na kuna ndugu wanaosema si heshima binti ambaye hajaolewa kusimama mbele za watu akizungumzia habari za mifuko ya uzazi. Shangazi, niache? Au niwatafute wakunga wengine watakaoelewa?

Binti wa Lindi

---

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa dada. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye ile khanga ya tatu, kwa sababu naijua.

Nitakusimulia. Nilikuwa zamu ya usiku, wakunga wawili tu, na vitanda vyote vya leba vimejaa. Mama mmoja alijifungua, kondo likatoka lote, nikamsafisha, nikaandika kwenye faili lake: damu 350, yaani mililita. Niliandika hivyo kwa kuangalia tu, kama sote tulivyozoea. Nikaenda kwa mwingine aliyekuwa anasukuma. Niliporudi, mama alikuwa amelowa jasho na mapigo yake yanakwenda mbio. Mwenzangu, ambaye alikuwa mdogo kwangu kwa umri na kwa kazi, alizoa khanga zote zilizokuwa chini ya kitanda, akazitupia kwenye mzani wa kupimia watoto. Akapima na khanga kavu, akatoa hesabu. Ilikuwa zaidi ya lita moja. Yule mama tulimwahi, alipona. Lakini ile 350 niliyoandika kwa mkono wangu sijaisahau hadi leo.

Kwa hiyo usidhani wakunga wale hawajui thamani ya unachokitafuta. Jicho linadanganya na tunajua kwamba linadanganya. Damu inaingia kwenye khanga, inaingia kwenye godoro, inachanganyika na maji ya uzazi, na kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo tunavyozidi kuikadiria kidogo. Kiasi kinachohesabiwa kuwa ni kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida ni mililita 500, yaani chupa ndogo ya maji ya dukani. Ukiimwaga chupa hiyo kwenye khanga mbili, hutaamini ni nusu lita.

Na hawakuukataa mkeka wako, mwanangu. Mkunga aliye zamuni akidharau kitu hakiulizi swali, anakipita. Wale walikupa masharti matatu ya usanifu bure, na wahandisi wa makampuni makubwa husafiri kwa ndege kuja kuyatafuta. La jiki ndilo kubwa kuliko yote. Kila kinachogusa damu leba kinatumbukizwa kwenye dawa ya klorini, na klorini inakula waya, inakula gundi, inakula mpira. La mkojo ni la hesabu: mkeka wako unapima kila kinachouangukia, iwe maji ya uzazi, mkojo, pamba au khanga yenyewe, na vyote unaviita damu. Kengele itakayolia kwa mkojo mara tatu usiku mmoja itazimwa, na haitawashwa tena. Hilo la simu halihitaji maelezo. Mikono ya mkunga imo ndani ya glavu.

Ila mimi nina swali la nne, na ndilo nililokaa nikuandikie. Kengele ikilia, nani anafanya nini?

Nakuuliza kwa sababu jambo hili limeshatokea. Kulikuwa na utafiti mkubwa Ulaya, uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha nchi 13 na wodi za uzazi 78, akina mama zaidi ya 25,000. Wodi nyingine zilipewa mfuko wa plastiki wa kukingia damu wenye alama za kipimo, nyingine zikaendelea kukadiria kwa macho. Ungetarajia mfuko ushinde. Haukushinda, waliopatwa na hali mbaya ya kutokwa damu walikaribiana sana pande zote mbili. Wakunga walipata namba sahihi, na namba sahihi ikakaa pale kwenye mfuko.

Sasa weka pembeni utafiti wa pili, uitwao E-MOTIVE, ulioongozwa na Profesa Arri Coomarasamy wa Chuo Kikuu cha Birmingham, ukachapishwa mwaka 2023. Huu ulifanyika kwetu: hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, akina mama zaidi ya 200,000. Kifaa kilikuwa kilekile kwa kiasi kikubwa, shuka la plastiki linalowekwa chini ya makalio ya mama, upande mmoja umefanywa kama faneli inayoishia kwenye mfuko wenye mistari. Halina betri wala waya. Likitumika linatupwa, kwa hiyo hata jiki haliihitaji. Tofauti ilikuwa kwenye kilichofungamanishwa na mistari ile. Damu ikifika kwenye mstari, mkunga hasubiri daktari wala hajaribu tiba moja, asubiri ishindwe, ndipo ajaribu nyingine. Anafanya zote kwa mpigo: anakanda mfuko wa uzazi, anatoa dawa ya kuukaza, anatoa asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu kuganda, anaweka dripu, anachunguza kama kuna mchaniko au kipande cha kondo kimebaki, na anaita msaada kama damu haisimami. Dawa na vifaa vyote vimeshapangwa pamoja mahali pamoja, hakuna anayekimbia stoo kutafuta funguo.

Pale ambapo wakunga walifanya hivyo, waliweza kutambua asilimia 93 ya akina mama waliotokwa damu nyingi. Kule walikoendelea na mazoea walitambua asilimia 51. Na wale waliofikia hali mbaya kabisa, ya kupoteza lita moja au zaidi, kufanyiwa upasuaji wa tumbo kwa ajili ya damu au kufa kwa damu, walikuwa asilimia 1.6 badala ya 4.3. Nilipozisoma namba hizo nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nawahesabu niliowahi kuwafunika shuka.

Unaona ninapokupeleka? Mkeka wako una vipima uzito, una kengele, una ujumbe wa simu, lakini hauna mkunga ndani yake. Uliusanifu ukiwa chuoni, ukitazama tatizo kutoka pale mlangoni uliposhika tochi. Sikulaumu, pale ndipo ulipokuwa. Ila sasa ingia ndani.

Ombeni kibali, wewe na msimamizi wako, ukae leba zamu nzima, na ukiweza iwe ya usiku. Usiende na mkeka. Nenda na daftari. Andika mkunga anatembea hatua ngapi kufuata sindano, andika nini kimeharibika na kimeharibika tangu lini. Nina hakika utakuta mashine ya kuvuta uchafu imesimama kwa kukosa mpira wa mia tano, na mashine ya oksijeni inayotoa hewa dhaifu kwa kuwa kichujio chake cha sponji hakijaoshwa tangu ifunguliwe kwenye boksi. Utakuta pia friji.

Nisimame kidogo kwenye friji, kwa sababu watu hawalioni kama kifaa cha uzazi. Oksitosini, ile sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Friji likikorofisha, au umeme ukikatika kutwa nzima kwenye joto la Lindi, dawa inapungua nguvu taratibu, na kichupa hakibadiliki rangi. Mkunga anachoma sindano kwa imani yote, mfuko haukazi, na hakuna anayejua kwa nini. Ipo dawa nyingine, kabetosini isiyoharibiwa na joto, iliyolinganishwa na oksitosini kwa karibu akina mama 30,000 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwemo, na matokeo yake yaliyotoka mwaka 2018 yalikuwa mazuri. Lakini zahanati nyingi bado zinategemea oksitosini na friji lake. Fundi anayelifanya friji la leba lishike nyuzi 5 mwaka mzima ameokoa akina mama ambao hatawajua kamwe, na hakuna atakayempa alama za mradi.

Jambo jingine nakuomba uliweke moyoni mapema, kwa kuwa una huzuni ya dada na huzuni ina haraka. Wazo zuri nalo linapimwa. Kule Bangladesh, Profesa Sayeba Akhter aliwaona wanawake wakifa kwa damu huku maputo ya kuizuia yaliyotoka nje yakiwa na bei isiyoshikika. Akachukua kondomu, akaifunga kwenye mpira wa mkojo, akaiingiza kwenye mfuko wa uzazi na kuijaza maji ya dripu, ikakandamiza mishipa na damu ikasimama. Aliyachapisha matokeo yake mwaka 2003, na njia hiyo ikaenea Asia na Afrika. Na mimi niliitumia. Baadaye ikafanyiwa majaribio makubwa katika hospitali za Uganda, Misri na Senegal. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba baada ya kuingizwa njia hiyo, wanawake waliopasuliwa au kufariki kwa ajili ya damu hawakupungua, bali waliongezeka. Leo Shirika la Afya Duniani linaikubali njia ya puto pale tu ambapo upasuaji na damu ya kuongezwa vipo karibu na waliokaa zamu wamefundishwa. Puto limeokoa wengi, sithubutu kulisema vibaya. Nasema kwamba hata lililozaliwa na huruma kubwa linahitaji kuulizwa maswali, na maswali ya wakunga wale watatu ni mwanzo wake. Ukifika mahali pa kumwekea mama halisi kifaa chako, kuna kamati za maadili ya utafiti na kuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Usijaribu kupita njia ya mkato hata kama muuguzi rafiki yako atakuruhusu.

Nije kwa baba mkubwa. Huyo mzee ni mlezi wako, amekusomesha, na hofu yake ni ya kweli, kwa sababu ajira za mafundi hospitalini ni chache kuliko mashine zilizoharibika. Usimwendee na mabishano. Mwendee na mama yako, mkae, mshukuru kwanza, kisha mweleze kwa utulivu kwamba unaomba muda wa kujitolea hospitali, tuseme miezi sita, na umpe tarehe ya mwisho. Mwambie na sababu. Inawezekana hajawahi kukusikia ukisema kwa mdomo wako kwamba ulichagua kazi hii kwa ajili ya dada. Wanaume wa kwetu wengi waliukalia msiba ule nje, hawakuziona khanga.

Na kama nyumbani wanakutegemea kwa chakula, chukua kazi ya minara, na usione kwamba umemsaliti marehemu. Minara ya simu inaishi kwa betri, sola na jenereta. Fundi aliyeshika betri na sola kwa miaka miwili anajua kitu ambacho zahanati ya kijijini inakililia. Utarudi hospitali ukiwa na mikono iliyokomaa. Ninachokuomba, mlango usiufunge.

Hao wanaosema huna haya sitawapa nafasi kubwa. Wewe ni mtu wa Lindi. Bibi zako waliwaweka wanawali ndani, somo, yaani kungwi wao, akawafundisha mambo ya mwili na uzazi kwa nyimbo na kwa maneno yasiyofichwa, na hakuna aliyesema makungwi hawana heshima. Ukisema mbele za watu "mfuko wa uzazi" kwa nia ya kuulinda, unafanya kazi ya somo. Ikikulazimu kuwajibu, wajibu kwa upole kwamba dada yako alikufa na kila mtu aliona aibu kufunua khanga na kuangalia.

Sasa mkeka. Usiutupe. Nimeufikiria siku tatu, na naona uliuweka mahali pasipo pake. Kwa mama anayejifungua kwa njia ya kawaida, lile shuka la mistari limekushinda: ni rahisi, halichaji, halioshwi. Lakini shuka lile na utafiti ule vilikuwa kwa ajili ya njia ya kawaida. Nenda chumba cha upasuaji. Mama anapotolewa mtoto kwa kisu, damu haitiririki kuingia kwenye faneli. Nusu inavutwa na mashine, imechanganyika na maji ya uzazi. Iliyobaki imelowa kwenye vitambaa na pamba, vinatupwa kwenye beseni, na mwisho wa upasuaji mtu anatazama beseni na kutaja namba. Tumerudi kwenye jicho lilelile lililoandika 350.

Wewe tayari una vipima uzito vinne na programu inayojua kutoa hesabu. Vitoe kwenye mpira, uvifunge chini ya sahani ya chuma inayobeba beseni, mahali ambapo jiki haizifikii waya. Ifundishe programu uzito wa kitambaa kikavu cha upasuaji, vitambaa vimehesabiwa siku zote kabla na baada, kwa hiyo idadi ipo. Kilichozidi ni kimiminika. Gramu moja ya damu haiko mbali na mililita moja, ni nzito kidogo tu kuliko maji. Maji ya uzazi yatakusumbua. Hilo muulize muuguzi wa upasuaji lini beseni libadilishwe, kabla ya mtoto kutoka au baada, naye atakuonyesha. Usiweke ujumbe wa simu. Weka namba kubwa nyekundu ukutani, ambayo daktari wa usingizi anaweza kuisoma akiwa amesimama kichwani kwa mama. Na kabla hujachomelea hata waya mmoja, kaeni na timu yote muandike kwenye karatasi: namba ikifika hapa, fulani anafanya hivi.

Anza na yule mkunga mtu mzima aliyekuuliza habari za jiki. Mpelekee salamu, mwambie umerudi na swali badala ya kifaa. Mwombe akupeleke kwa msimamizi wa chumba cha upasuaji, na hapo hapo mwulize friji lao linasomaje.

Mtoto msalimie sana. Ukishapima beseni la kwanza niandikie, hata kama mzani umekosea. Hasa kama umekosea, uniandikie umekosea kwa gramu ngapi.

Shangazi